Mwongozo kamili: namna ya kumtambua Peregrinus maidis, kidudu cha kwenye moyo wa mhindi, na pahala anapokaa hapa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida. Mkulima, mwalimu wa skuli, mwanafunzi wa kilimo, yeyote mwenye simu na subira kidogo anaetaka kujua kile kidudu cha rangi ya udongo kinachojificha katikati ya majani ya mhindi ni nani khasa. Naandika kwa sababu kila ikifika msimu wa mahindi watu wanatumiana picha, mmoja anasema hao vidukari, mwengine anasema chawajani, wa tatu kashatafuta mtandaoni kaja na jina la Nilaparvata lugens, ambae ni mdudu wa mpunga wa Asia, na huku Afrika hayupo kabisa, halafu mtu anachukua jina hilo hilo anakwenda nalo dukani kununua dawa. Jina likikosewa na kila kinachofuata kinakosewa.

Tunaemtafuta anaitwa Peregrinus maidis. Mtaalamu wa Marekani William Ashmead ndie alieandika habari zake mara ya kwanza mwaka 1890, na leo anapatikana karibu nchi zote za joto zinazolima mahindi, Tanzania imo. Yumo kwenye familia ya Delphacidae, katika lile kundi la wadudu wafyonzaji wanaoruka ghafla ukiwagusa, mimi humu nitawaita virukamimea ili twende sawa. Ni mdogo, kati ya milimita 3 na 4 na nusu hivi ukipima mpaka ncha ya bawa, kwa hiyo ukiona kitu cha sentimita nzima kinaruka kwenye mahindi yako huyo sie.

Na kwanini tushughulike nae? Kwa sababu huyu sio wa kunyonya maji ya mmea tu, anabeba virusi. Anaeneza virusi vya milia mipana ya mahindi, na virusi vya mosaiki ya mahindi pia, na akishavibeba anakaa navyo umri wake wote. Vile vya milia mipana ndo vibaya zaidi maana jike anavirithisha mpaka kwenye mayai, yaani mtoto anatoka ndani ya yai tayari anabeba ugonjwa hata kabla hajanyonya mmea wowote.

Kabla ya hatua zenyewe nitie jambo moja ambalo ndilo msingi wa kila kitu humu: utaratibu ni mmea kwanza, mguu wa pili, picha mwisho. Watu wengi wanaanza na picha, wanalinganisha rangi kwa rangi na picha za mtandaoni, na rangi kwa wadudu hawa ndio kitu cha kudanganya kuliko vyote. Familia hii ina spishi zaidi ya elfu mbili duniani na nyingi ni hivi hivi tu, kahawia ya njano yenye mabawa ya kupitisha mwanga. Ila mmea haudanganyi sana, na mguu haudanganyi kabisa.

VITU VYA KUBEBA

Huhitaji maabara. Simu yenye kamera nzuri, na ukipata ile lenzi ya klipu ya kubana juu ya kamera bora zaidi. Lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi au ishirini, hii usiikose, maana bila ya lenzi mguu huuoni. Sahani pana nyeupe au beseni jeupe. Vichupa vidogo vyenye mfuniko wa kubana, hata vya dawa za macho vilivyooshwa. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa inatosha kuhifadhia kwa kazi ya kutazama umbo, ila usichukue ile ya buluu ya kuwashia, inaharibu rangi. Kama kuna mtu atataka kupima DNA basi lazima iwe ethanoli ya asilimia 95 na kuendelea, na chupa ikae kwenye baridi.

Penseli na karatasi ngumu. Penseli, sio peni, wino wa peni unayeyuka ndani ya spiriti na maandishi yote yanapotea.

Na kifyonzeo. Hiki unatengeneza mwenyewe: chupa ndogo ya plastiki yenye mfuniko, toboa mfuniko matundu mawili, pitisha mipira miwili myembamba (mpira wa dripu unafaa sana), ule utakaotia mdomoni uufunge kipande cha chandarua kwa ile ncha iliyo ndani ya chupa ili usimeze mdudu, ule mwengine ndio unaouelekeza kwa mdudu. Unavuta pumzi fupi ya ghafla, mdudu anaingia chupani mzima mzima bila kuvunjika mguu. Ziba pembeni ya matundu kwa gundi au nta, hewa ikivuja pembeni hakivuti kitu. Na usikitumie kwenye shamba lililopigwa dawa karibuni, unavuta kwa mdomo wako hiyo.

HATUA YA KWANZA: KUPATA RUHUSA NA KUCHAGUA KONDE

Konde lina mwenyewe. Nenda kwa mwenye shamba, piga hodi, shikamoo mzee wangu, mueleze unachotafuta na kwamba hutong'oa kitu. Ukiwa mgeni wa shehia pita kwa sheha kwanza, unamuondolea kila mtu wasiwasi wa kuona mtu anachutama kwenye mahindi ya watu na kichupa mkononi. Ndani ya hifadhi kama Ngezi, Msitu Mkuu au Jozani usikusanye mdudu yeyote bila kibali cha maandishi cha wanaosimamia misitu, na kwa kweli kwa spishi hii huna haja ya kuingia msituni, yeye ni mdudu wa konde.

Chagua konde la mahindi ambayo yamefika magotini mpaka kiunoni, bado hayajatoa mbelewele. Mahindi machanga sana wanakuwa wachache, na yakishakauka wenye mabawa marefu wanahama. Mtama ni mzuri vile vile, tena pengine mzuri zaidi, kwa hiyo watu wa Micheweni na sehemu za maweni ambako mtama bado unapandwa msijione mko nyuma, nyinyi ndio wenye nafasi nzuri. Kwengine mahindi yako kila pahala, nyuma ya nyumba, pembeni ya mihogo, na viwanja vidogo vidogo hivi vya uani mara nyingi vinatoa wadudu wengi kuliko shamba kubwa, maana mtu anapanda kidogo kidogo mwaka mzima na mdudu hakosi mmea mbichi wa kuhamia.

Wakati: asubuhi, jua halijawa kali. Mchana wanajikandamiza ndani kabisa, na wewe mwenyewe kivuli chako kinawashitua. Kimsimu, tazama masika yakishaotesha mahindi vizuri, kuanzia mwezi wa nne hivi, na tena vuli kuanzia mwezi wa kumi na moja. Siku za mvua kubwa usijisumbue, moyo wa mhindi unajaa maji.

HATUA YA PILI: KUUFUNGUA MMEA

Hii ndio hatua watu wanaikimbilia na ndio inayotaka utulivu kuliko zote. Usianze kwa kuushika mmea. Simama, tazama kwanza kutoka mbali kidogo: kuna chungu wanapanda na kushuka kwenye shina? Kama wapo tena kwa msururu, wafate kwa macho wanakwenda wapi. Chungu hawapandi mhindi bure, kuna kitu kitamu juu. Virukamimea hawa wanatoa nyuma maji ya sukari na chungu wanakuja kuyalamba, na kwa malipo hayo wanawafukuza maadui. Watu wa hapa tunaujua urafiki wa namna hii kwa majimoto, wale chungu wa mitini. Mtaalamu M. J. Way alifanya kazi hapa Zanzibar na mwaka 1954 akaandika kwa urefu habari za majimoto na urafiki wao na wadudu gamba wanaotoa maji ya sukari, na ule mdudu anaeharibu nazi changa, Pseudotheraptus wayi, kapewa jina kwa heshima yake. Kwa hiyo chungu juu ya mmea ni alama ya kwanza, ingawa sio uthibitisho, maana vidukari nao wana chungu wao.

Alama ya pili ni ung'avu wa kunata juu ya majani ya chini, na baadae masizi meusi yanayoota juu ya ile sukari. Alama ya tatu ni yale majani machanga ya juu yenye milia mipana ya njano, au kilele cha mmea kimepinda upande.

Sasa chutama. Tazama makwapa ya majani, pale jani linapokutana na shina, kuanzia chini kwenda juu. Halafu ule moyo, yale majani machanga yaliyojiviringisha katikati. Shika jani la nje kwa vidole viwili, lifungue taratibu huku mkono mwengine umeweka sahani nyeupe chini yake. Ukikuta vumbi la kinyesi kama unga wa msumeno na majani yametobolewa matundu matundu, huyo ni kiwavijeshi, kazi yake nyengine, nenda mmea wa pili.

Ukimkuta tunaemtafuta utajua kwa mwendo wake: kwanza haruki. Anazunguka. Unamtazama upande huu, anakwenda upande wa pili wa shina kwa ubavu ubavu, haraka, kisha anasimama. Ukimsogelea zaidi ndio anaruka, na akiruka humuoni, unasikia tu kitu kimegonga jani jengine.

Kuruka kwenyewe ni jambo la kustaajabisha. Mwaka 2013 wataalamu Burrows na Sutton wa Cambridge walionyesha kwamba watoto wa kirukamimea wa Ulaya, Issus coleoptratus, wana gia za kweli pale miguu ya nyuma inapoanzia, meno 10 mpaka 12 yanashikana ili miguu miwili iachie pamoja, na wanaondoka ndani ya milisekunde mbili. Mdudu yule ni wa familia nyengine na sio wetu, lakini ni ukoo mkubwa mmoja. Ndo maana mkono wako haumuwahi, kwa hiyo usijaribu kumkamata kwa vidole, tumia kifyonzeo, au gonga mmea ghafla juu ya sahani.

Utakuta mchanganyiko. Watoto wasio na mabawa, weupe wa njano wakiwa wadogo na wenye kahawia wakikua, wanajivua ngozi mara tano kabla ya kuwa wakubwa. Wakubwa wenye mabawa mafupi yanayoishia katikati ya tumbo. Na wakubwa wenye mabawa marefu yanayopita tumbo. Wote hao ni spishi moja, na hapa wengi wanadhani wamepata aina mbili. Wenye mabawa mafupi wanabaki nyumbani na kuzaa, wenye mabawa marefu wanatokea zaidi wakishabanana au mmea ukianza kuchoka, na hao ndio wa kuhama na upepo. Kwa hiyo andika umeona wangapi wa kila namna, hata kwa kukisia (wachache, wastani, wengi), maana kwa hesabu hiyo tu mtu anajua kundi limeingia juzi au linajiandaa kuondoka.

Tafuta na mayai. Jike anatoboa uti wa jani kwa mrija wake na kuyapachika ndani, na juu yake anaacha kifuniko cha kitu cheupe. Ukigeuza jani ukaona vidoa vyeupe vidogo kwenye uti, tena vimejipanga, vitazame kwa lenzi.

HATUA YA TATU: MGUU

Mtie mmoja kwenye kichupa, umpooze kidogo kwa kumuweka karibu na barafu au ndani ya friji dakika chache. Mlaze ubavu. Sasa lenzi jichoni, kichupa karibu na lenzi, na ugeukie mwanga.

Tazama mguu wa nyuma, pale kipande kirefu kinapomalizika na nyayo inapoanza. Wadudu wa Delphacidae wote, wakubwa na watoto, wana mwiba mmoja mpana pale, unaochezeka, umetoka pembeni kama kipi cha jogoo. Hakuna familia nyengine ya wadudu hawa yenye kitu hicho. Kwa mkubwa unaona ukingo wake una vijino vidogo vidogo vilivyojipanga. Ukiuona mwiba huo umeshamaliza nusu ya kazi, familia umeijua, hubishani tena na mtu.

Usipouona, na badala yake mguu wa nyuma wote una safu za miba myembamba kutoka juu mpaka chini, huyo ni chawajani, mfyonzaji mwengine anaeruka lakini wa familia nyengine. Hakikisha kwa antena. Chawajani ana antena nyembamba mno baina ya macho, kwa mbele. Kirukamimea antena yake inatoka chini ya jicho, ina vipande viwili vinene halafu unywele mmoja. Antena na mguu zikikubaliana, basi. Zikipingana, umetazama vibaya, tazama tena.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu kwenye mahindi yetu ina uzito wake. Chawajani wa jenasi Cicadulina, nao ni wa milimita 3 hivi, njano ya kufifia, wana vidoa viwili vyeusi vya duara mbele ya kichwa, na hao wanabeba virusi vya ule ugonjwa wa michirizi ya mahindi unaojulikana zaidi Afrika. Habari zake nyingi tulizonazo zilianzia jirani yetu hapa Amani, kule Usambara, ambako mtaalamu H. H. Storey alifanya kazi miaka ya 1930, akaonyesha kwamba si kila Cicadulina mbila anaweza kueneza, uwezo huo unarithiwa kutoka kwa wazazi. Ugonjwa wa chawajani ni michirizi myembamba iliyokatika katika, imejipanga sambamba na mishipa ya jani. Ugonjwa wa kirukamimea wetu ni milia mipana zaidi, njano, inayoungana mpaka jani linapauka. Mdudu tafauti, virusi tafauti, jani tafauti, na mtu akiandika tu "mahindi yana milia" hajasema kitu.

HATUA YA NNE: KUTOKA FAMILIA MPAKA SPISHI

Hapa ndo pagumu, na nitasema wazi mpaka wapi mtu wa shambani anaweza kufika.

Peregrinus maidis kwa lenzi: mwili wa kahawia ya njano, mgongoni baada ya kichwa kuna mistari mitatu iliyoinuka inayokwenda urefu wa mwili (hii wengi wa familia wanayo, isikudanganye). Mabawa ya mbele yanapitisha mwanga, mishipa ina vidoa vidogo vyenye vinyweleo, na kwa wenye mabawa marefu sehemu ya nyuma ya bawa ina doa la kahawia iliyokoza. Ukimpata wa namna hii, ndani ya moyo wa mhindi au mtama, yuko na watoto wake, na chungu juu yake, unaweza kuandika jina lake ukiweka neno "yaelekea" mbele.

Wa kuchanganya nao ni hawa.

Perkinsiella, wa kwenye miwa. Kile kipande cha kwanza cha antena yake kimebapa na kupanuka, ukikiona mara moja hutokisahau. Kwa hiyo ukitoka kutazama miwa ya Mahonda au miwa ya pembeni ya nyumba, antena kwanza kabla hujasema chochote.

Sogatella, mwembamba, kichwa chembamba, na ana ukanda mweupe umepita katikati ya mgongo kutoka kichwani. Huyu ni wa majani na mpunga, na anaweza kutua tu kwenye mahindi kama konde liko karibu na bonde.

Nilaparvata. Yule wa Asia, nimeshasema, hayupo Afrika, lakini ana jamaa yake wa Kiafrika, Nilaparvata maeander. Jenasi hii ina vijimwiba vidogo pembeni ya kipande cha kwanza cha nyayo ya nyuma, na hivyo vinataka darubini ndogo, lenzi ya mkono haifiki vizuri.

Halafu kuna wasiokuwa jamaa kabisa. Kidukari wa mahindi, Rhopalosiphum maidis, nae anakaa moyoni na anaitwa kwa jina la pili lile lile, rangi yake buluu ya kijani, ana vijibomba viwili nyuma na haruki hata umchokoe vipi. Kwenye mabonde ya mpunga, Cheju, Kibokwa, Bumbwisudi, na kwa upande wa Pemba Mlemele na Makwararani, utakutana na Cofana spectra, mweupe kabisa mwenye vidoa vyeusi kichwani, karibu mara mbili ya urefu wa wetu, huyo ni chawajani. Na chini ya makuti ya minazi na majani ya migomba kuna wale wenye mabawa marefu yaliyozidi mwili mno na miguu myembamba, hao ni Derbidae. Watoto wao hawakai juu ya mmea, wanakaa kwenye magogo na taka zinazooza wakila ukungu, kwa hiyo makaazi yao ni mawili, juu kwa mkubwa na chini kwa mtoto, na ukiwarekodi tazama kote kuwili.

Mwisho wa yote spishi ya uhakika inathibitishwa na dume. Mgeuze mdudu chali, tazama ncha ya tumbo. Jike ana mfereji mrefu umepita katikati ya tumbo chini, ndani yake mrija wa kutagia. Dume hana mfereji, mwisho wa tumbo lake uko wazi, wa mviringo, na ndani unaona vijiungo viwili vimesimama. Maumbo ya viungo hivyo ndio wataalamu wanayoyachora na kuyalinganisha, spishi kwa spishi. Wewe kazi yako ni kuhakikisha ndani ya kichupa mna madume, wasipungue watano ukiwapata. Kichupa cha majike watupu kinamkwamisha mtaalamu hata awe bingwa vipi. Mtaalamu atachukua tumbo la dume alisafishe kwa kemikali kali ya kuyeyusha nyama, hiyo usijaribu nyumbani.

HATUA YA TANO: KUANDIKA MAKAAZI

Mdudu bila ya maelezo ya alipokutwa ni mdudu mfu tu. Nimeona vichupa vizuri, mdudu mzima, miguu yote, na karatasi ndani imeandikwa "Pemba". Pemba wapi, juu ya nini, lini?

Andika mmea, na kama huujui upige picha jani, ua na shina zima. Andika umri wa mmea kwa kipimo cha mwili, magoti, kiuno, kifua, au idadi ya majani. Andika ulimkuta kiungo gani cha mmea, moyoni, kwapani au chini ya jani. Ukimpata anatembea juu ya mhogo usiandike kwamba anakula mhogo, andika "katua juu ya mhogo". Ukisema mmea wake ni fulani, uwe umeona watoto juu ya mmea huo, kwa sababu mtoto hana mabawa, hakuja kwa bahati mbaya.

Udongo na ardhi nayo ina habari kubwa kwetu. Visiwa vyetu vimegawika, magharibi udongo mzito na mabonde, mashariki maweni na ardhi nyembamba juu ya jiwe, na Pemba inapata mvua zaidi kuliko Unguja. Mahindi ya maweni yanachoka mapema mvua ikikatika, na mmea ukichoka wenye mabawa marefu wanatoka. Andika basi: konde la juu au bonde, jiwe au udongo, kivuli cha mikarafuu au minazi au jua tupu, kuna maji ya umwagiliaji au mvua peke yake. Andika jirani kuna nini, mtama uliovunwa na kuchipua tena ni muhimu sana kwa sababu ndio unaowapitisha kipindi kikavu, na mahindi yaliyojiotea wenyewe baada ya mavuno pia.

Andika upepo, kaskazi au kusi, hasa ukikuta wenye mabawa marefu watupu bila watoto. Na chungu: wapo, hawapo, wakubwa wakubwa au wadogo weusi, majimoto au wengine, na kichupa cha chungu hao watatu wanne kiambatane.

Tazama na maadui. Ukiona mdudu ana kifuko cheusi kimetoka ubavuni, kile si ugonjwa na si yai lake, ni mtoto wa nyigu wa familia ya Dryinidae anamla akiwa hai. Muhifadhi peke yake. Pengine utaona kunguni mdogo mwembamba anatembea kwenye uti wa jani akitafuta mayai, na hao nao wana thamani yao: mwaka 1920 Hawaii waliingiza mmoja wa kundi hilo, Tytthus mundulus, anaekula mayai ya virukamimea, wakaokoa miwa yao. Ndo maana sipendi mtu akiona vidudu kumi tu moyoni mwa mhindi akimbilie dawa. Kule Asia miaka ya 1970 virukamimea wa mpunga walifumka sana pale walipopiga dawa zikamaliza buibui na kunguni wanaowala. Mtambue kwanza, halafu muulize bwana shamba wako.

HATUA YA SITA: PICHA

Sasa ndio picha, na sio moja. Mmea mzima na mazingira yake. Moyo au kwapa na wadudu wakiwa pale pale. Halafu mdudu mmoja kutoka juu, kutoka ubavuni, na uso wake, rula ikiwa pembeni. Picha ya ubavuni ndio yenye mguu, ipige nyingi mpaka mwiba uonekane. Taa ya simu usiimulike moja kwa moja, inang'arisha bawa na kuficha mishipa, weka kipande cha karatasi nyeupe mbele yake. Ukiweka picha iNaturalist (mtandao wa watu kupeana picha za viumbe na kusaidiana majina), weka jina la familia tu kwanza kama mguu umeuona, na kwenye maelezo taja mmea. Lokesheni ya konde la mtu ifiche au iwe ya jumla, mwenye shamba hakuomba watu waje kwake.

Ukivutia wadudu kwa taa usiku na shuka jeupe utapata wengi wenye mabawa marefu, ila hao uwaandike "taa", na mmea uache wazi.

HATUA YA SABA: KICHUPA NA KUPELEKA

Watie kwenye spiriti wakiwa bado wazima au mara tu baada ya kupoozwa, wakikauka antena zinavunjika. Konde moja, mmea mmoja, siku moja, kichupa kimoja, usichanganye hata kama wanafanana. Karatasi inaingia ndani ya kichupa, sio kubandikwa nje, na iandikwe hivi kwa mfano: "Pemba, Wilaya ya Micheweni, (jina la shehia), mtama, urefu wa kifua, moyoni, pamoja na chungu weusi wadogo, konde la maweni bila umwagiliaji," kisha tarehe na jina la mkusanyaji. Siku ya pili mwaga spiriti ile tia mpya, maana maji ya miili yao yameshaipunguza nguvu.

Usisafirishe mhindi mbichi wala wadudu hai baina ya Unguja na Pemba, hata kwa nia njema. Waliokufa ndani ya spiriti hawana tatizo hilo. Kwa Unguja, taasisi ya utafiti wa kilimo iko Kizimbani, na Pemba kuna kituo cha Matangatuani, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wanaotafuta kazi za namna hii. Ukiomba kutazamiwa, peleka vichupa, picha na karatasi ya makaazi kwa pamoja, na taja kama mahindi yale yalikuwa na milia, ya namna gani, na mimea mingapi kati ya ishirini uliyoitazama kwa kufuata mstari.

Na pale ambapo umetazama mimea ishirini hukumpata hata mmoja, andika vile vile, tarehe, konde, umri wa mahindi, "hayupo". Rudi konde hilo hilo baada ya kama wiki nne, ndio muda unaokaribia yai kuwa mdudu mkubwa kwa joto letu, uanze tena na makwapa ya chini.